Wasifu wa Mzee M.: uchambuzi wa kisa cha kumkumbuka mtu wa reli, wa familia na wa kujitolea

## Kuhusu kisa hiki

Kila aliyezika ndugu Tanzania anaijua karatasi ninayotaka kuizungumzia. Husomwa baada ya ibada na kabla ya salamu za rambirambi, wakati jua linachoma au mawingu yanatishia, na watu wa nyuma wameanza kunong'ona. Ni wasifu wa marehemu. Kwa wazee wetu wengi hayo ndiyo maandishi pekee yatakayowahi kuandikwa juu ya maisha yao, na mara nyingi huandikwa usiku mmoja, na mtu aliyeshuka kwenye basi jioni, kwa kutazama vyeti vilivyokutwa ndani ya sanduku.

Naeleza hapa jinsi wasifu wa mzee mmoja ulivyoandikwa, ukakataliwa, ukaandikwa upya, na kilichotokea uliposomwa. Nitamwita Mzee M. Familia imeridhia kisa kisimuliwe. Nimeondoa majina ya mji, kanisa na kikundi alichokitumikia, na mambo machache ya kifamilia nimeyageuza ili asitambulike mtu. Reli nimeiacha ilivyo, maana ukiitoa reli hakuna kisa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Tangu niache chaki, kamati za mazishi za pale mtaani huniita nipitie wasifu kabla haujasomwa, na mara nyingine niusome mwenyewe. Nawaandikia wanaofanya kazi hiyo hiyo, pamoja na watoto ambao siku moja watakabidhiwa kalamu bila kuulizwa kama wanaiweza.

## Usuli

Mzee M. alizaliwa mwaka 1951 katika kijiji cha Nyanda za Juu Kusini, akamaliza darasa la saba, akalima kidogo na baba yake. Mwaka 1971 alisikia kwamba huko Mlimba wanahitajika vijana wenye nguvu. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulikuwa umeanza Oktoba 1970, kwa mkopo wa China usio na riba, kuunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860. Kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote: milima, matope, mahandaki ya kuchimbwa, madaraja juu ya mabonde ambayo mtu akitazama chini anapata kizunguzungu. Huko ndiko alikoanza, akibeba kokoto na kupanga mataruma ya zege.

Reli ilipokabidhiwa rasmi Julai 1976 aliajiriwa kwenye gengi la matengenezo ya njia, akahamia mji mdogo wenye kituo, na hapo ndipo alipooa, alipozalia na alipofia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutembea. Kila alfajiri, kabla treni ya kwanza haijapita, alitembea kipande chake kwa miguu, nyundo na spana begani, akigonga na kusikiliza, akikaza bolti zilizolegea. Masika alitoka hata usiku kutazama makaravati, maana maji yakichimba chini ya tuta hakuna anayejua mpaka tuta linapokwenda. Alistaafu mwaka 2011, akiwa na miaka 60, akiwa mnyapara wa gengi.

Hayo yote yana karatasi. Yafuatayo hayana.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 alifundisha kisomo cha watu wazima jioni, katika chumba kilichokuwa stoo karibu na kituo. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka zama zile. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka karibu asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Takwimu hizo huwa tunazisoma kana kwamba serikali ilifundisha. Waliofundisha kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa aina ya Mzee M., darasa la saba, wenye kazi nyingine mchana na taa ya chemli usiku.

Mwaka 2002 alijiunga na kikundi cha kuwahudumia wagonjwa majumbani. Eneo lile la barabara kuu na reli lilikuwa limeumizwa sana na UKIMWI. Hata miaka kumi baadaye, utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta maambukizi mkoani Njombe ni asilimia 14.8 wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1. Mwaka 2002 dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijaanza kutolewa bure, mpango huo ulianza mwaka 2004. Kwa hiyo kujitolea kwa wakati ule maana yake ilikuwa kuosha, kugeuza, kulisha uji, kufua mashuka, na kuzika. Dawa zilipokuja, kazi ikawa kumpakia mgonjwa nyuma ya baiskeli na kumpeleka kliniki ya tiba na matunzo, kisha kumkumbusha vidonge. Alifanya hivyo mpaka magoti yalipokataa baiskeli.

Alikuwa na mke mmoja na watoto saba. Hesabu hiyo ya saba ndiyo iliyotaka kuvunja kamati, kama tutakavyoona.

## Mtiririko wa matukio

Alifariki usiku wa Jumatano kwa kiharusi. Alhamisi asubuhi kamati ya mazishi ikaundwa chini ya mwembe, mwenyekiti akiwa mdogo wake marehemu, ambaye watoto humwita baba mdogo. Mazishi yakapangwa Jumamosi ili kuwasubiri walioko Dar es Salaam. Majukumu yakagawanywa: jeneza, kaburi, chakula, maturubai, usafiri, spika. Wasifu ukatajwa mwishoni kabisa. "Huo ataandika kaka mkubwa akifika," baba mdogo akasema, na watu wakaendelea na habari ya mchele. Katika misiba mingi niliyohudhuria umegawiwa hivyo hivyo, yaani mtu asiyekuwepo ndiye anayepewa kazi inayohitaji kuuliza watu.

Kaka mkubwa alifika Ijumaa mchana, macho mekundu, simu haitulii. Akafungua sanduku la baba yake, akakuta barua ya ajira, barua za kupandishwa cheo, cheti cha utumishi bora, barua ya kustaafu, kadi ya kliniki ya shinikizo la damu. Akaandika kutokana na hivyo. Jioni karatasi ikaletwa kwangu.

Ilikuwa imeandikwa vizuri, mwandiko safi, tarehe zimepangwa. Kazi ya reli ilichukua karibu ukurasa mzima, kila cheo na mwaka wake. Ugonjwa wa mwisho ulipewa aya nzima, pamoja na vipimo vya shinikizo. Kisha ikaja sentensi hii, peke yake: "Enzi za uhai wake marehemu alipenda kushirikiana na jamii na alijitolea bila kuchoka." Ikafuatiwa na: "Marehemu ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wanne. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe."

Nilimwambia kijana: "Mwanangu, hapa umemwandika mfanyakazi. Waliojaa uani wamekuja kumzika mtu mwingine." Hakukasirika. Alisema jambo la kweli, kwamba yeye aliondoka nyumbani akiwa na miaka 14 kwenda bweni, na kila alipokuwa akirudi likizo baba yake jioni alikuwa hayupo. Alijua anatoka. Hakujua anakwenda wapi.

Tukakubaliana kabla ya kuandika tena tuwaulize watu watatu: mjane, mzee mmoja aliyekuwa naye kwenye gengi tangu mwanzo, na mama anayeongoza kikundi cha huduma za majumbani.

Mzee wa gengi alitusahihisha jambo la kwanza pale pale. Rasimu ilisema marehemu "alishiriki ujenzi wa reli mwaka 1976". Mwaka 1976 reli ilikuwa imekwisha kujengwa. Barua ya ajira ndiyo ya 1976, na kijana aliifuata. Miaka mitano ya Mlimba, iliyomfanya marehemu awe alivyokuwa, haikuwa na barua, ikafutika. Mzee yule akaeleza pia jinsi M. alivyoanza kufundisha: vibarua wenzake walikuwa wakipokea mshahara kwa kuweka dole gumba, na baadhi walikuwa wakipunjwa na waliokuwa wakiwasomea hesabu. Hakuanza kwa kupenda elimu, alianza kwa hasira.

Kiongozi wa kikundi alikuja na wazo lake tayari. Alitaka wasifu uwataje wagonjwa waliopona mikononi mwa Mzee M., na wasimame kaburini kama mashahidi. Mmoja wao alikuwa tayari kabisa kusimama.

Mjane tulimkuta chumbani, amekaa chini na wanawake wa jumuiya. Tulimsomea rasimu taratibu. Tulipofika kwenye "bila kuchoka" akainua kichwa.

"Mwalimu, hilo ondoeni. Alichoka. Mimi ndiye niliyekuwa namvua viatu."

Kisha akasema mengi, na nitayaeleza kwenye maamuzi, maana ndiyo yaliyogeuza karatasi.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu maneno ya mjane. Alituhesabia vitu: mafuta ya taa yaliyokwenda kisomo, sabuni ya mche iliyokatwa vipande na kutiwa mkobani, debe la maharage la msimu lililotoka nyumbani likaishia katika nyumba za watu wengine. Alisema kuna mwaka mtoto wa nne alisubiri sare ya shule mpaka muhula wa pili. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayesoma daftari la duka. "Yeye alijitolea," alisema, "na mimi nikatoa."

Baba mdogo hakupenda hayo yasomwe. Kwake ilikuwa kama kumwaibisha marehemu mbele ya watu, kuonyesha kwamba nyumba yake ilipungukiwa. Hoja hiyo ina uzito katika mila zetu, mtu haanikwi siku ya kuzikwa. Tulipima, tukaona kwamba tofauti iko katika namna ya kusema. Habari ya sare tuliiacha. Habari ya mafuta, sabuni na maharage tuliiingiza, na tukaandika wazi vilitoka wapi na nani alivipima. "Bila kuchoka" tuliifuta.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa watoto. Rasimu iliandika sita. Marehemu alikuwa na binti aliyezaliwa mwaka 1974 kule Mlimba, kabla ya ndoa ya 1977. Mama yake binti alifariki, na mtoto akaletwa nyumbani akiwa na miaka minne. Kaka mkubwa hakumwandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye nyaraka za kazini za baba yake, ambako wategemezi walioorodheshwa walikuwa wa ndoa tu. Lakini alipopendekeza kuongeza, baba mdogo alikataa. Alisema wasifu ukisomwa mbele ya ukoo unakuwa ushahidi, na kesho kikao cha mirathi kitauliza habari ya kiwanja. Alikuwa anaongea ukweli kuhusu vikao vya ukoo, hilo lazima nimpe.

Mjane alimwita ndani. "Shemeji, huyu mtoto amenyonya uji wangu tangu ana miaka minne. Ndiye aliyemwosha baba yake juzi. Kama yeye si wa nyumba hii, na mimi niandikeni kuwa nimepita njia."

Kamati ikanyamaza. Ikaandikwa saba, na majina yakafuata umri, maana yake binti akatangulia na kaka mkubwa akawa wa pili. Kijana mwenyewe ndiye aliyeandika mstari huo. Suala la kiwanja liliachwa kwa kikao chake, kwa siku yake.

Uamuzi wa tatu ndio uliotusumbua zaidi: wagonjwa. Kiongozi wa kikundi alikuwa na nia njema, na yule aliyetaka kusimama alikuwa mtu mzima anayejua atakalo. Lakini mji ule ni mdogo. Ukisema "alimhudumia mtu wa nyumba fulani" tangu 2002, hakuna asiyejua alikuwa akiugua nini. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri. Zaidi ya sheria, siri ilikuwa ndiyo msingi wa kazi yenyewe ya Mzee M. Mjane alituambia kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kumtajia hata yeye jina la mgonjwa, alikuwa akisema tu "naenda upande wa juu" au "naenda upande wa bondeni". Mtu aliyemficha mkewe majina, sisi tuyatangaze kwa spika?

Tukaamua wasifu useme "wagonjwa majumbani" basi, bila ugonjwa, bila nyumba, bila idadi. Kwa aliyetaka kusimama tulisema afanye hivyo kwa hiari yake kama rafiki wa marehemu, aseme anachotaka juu yake mwenyewe tu. Mwishowe aliamua kutosimama, akaleta kuku.

La nne lilikuwa muda. Mshereheshaji alitoa dakika tano kwa wasifu na alikuwa na orodha ya wasemaji 11 wa salamu. Tuliomba dakika nane. Tulipewa saba, kwa sharti kwamba aya ya ugonjwa wa mwisho ifupishwe, jambo ambalo tulikuwa tumekusudia tangu mwanzo. Sijaelewa hadi leo kwa nini wasifu zetu zinampa marehemu mistari mingi zaidi ya kuugua kuliko ya kuishi.

La mwisho lilikuwa pendekezo la binti mkubwa: pembeni ya daftari la rambirambi liwekwe daftari jingine, watu waandike wanalolikumbuka.

## Sehemu ya wasifu kama ulivyosomwa

Naiweka hapa kwa ruhusa ya familia, ili msomaji aone maamuzi yalivyotua kwenye karatasi:

"Mwaka 1971, akiwa na miaka 20, alikwenda Mlimba kubeba kokoto kwenye ujenzi wa Reli ya Uhuru. Huko aliona wenzake wakipunjwa kwa kutojua kusoma, na jambo hilo hakulisahau. Mwaka 1976 aliajiriwa kwenye gengi la matengenezo, akastaafu mwaka 2011 akiwa mnyapara. Alitembea kipande chake kila alfajiri. Jioni alifundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kuanzia mwaka 2002 aliwatembelea wagonjwa majumbani. Alirudi kutoka kazini amechoka, akaoga, akala, akatoka tena. Mafuta ya taa, sabuni na maharage aliyokwenda navyo vilitoka katika nyumba hii, na mama ndiye aliyevipima. Wanawe siku nyingi walilala kabla hajarudi. Aliwaamsha asubuhi kwa kugonga ukuta kwa spana, mara tatu, kama anavyogonga reli."

Habari ya spana iliongezwa na binti mkubwa usiku wa manane. Kaka yake alipoisikia alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

## Siku ya mazishi

Wasifu ulisomwa na mjukuu wa kike wa kidato cha tatu, kwa sauti isiyo na haraka. Watu walitulia. Kwenye majina ya watoto kulikuwa na mnong'ono, ukapita. Kwenye maharage, wanawake wa jumuiya waliitikia kwa sauti, na mjane, aliyekuwa ameinama muda wote, aliinuka akakaa wima. Wazee wa gengi walikuwa wamesimama kwa mstari upande wa kulia. Hakuna aliyewapanga.

Kisha zikaja salamu, na hapo ndipo tulipoumia.

Msemaji wa nne, kiongozi wa mtaa, mtu mwema na mwenye kupenda kusikika, aliacha karatasi yake akaanza kusifu kwa moyo. Akasema wasifu umeficha makubwa. Akasema mzee huyu aliwahudumia wagonjwa wa UKIMWI wakati ndugu zao wamewakimbia, "hata hapa hapa mtaani kwetu, nyumba ile ya mabati mekundu tunaijua wote." Akanyoosha mkono. Watu mia kadhaa wakageuka kutazama bati jekundu.

Katika nyumba ile anaishi mama mmoja na wanawe wawili walio shule. Mama huyo alikuwa pale pale, katika kundi la wapishi.

Mshereheshaji aliingiza wimbo haraka. Ilikuwa imechelewa.

## Matokeo

Mama wa nyumba ile hakuhudhuria kumaliza matanga. Kiongozi wa kikundi alikwenda kwake mara mbili, mjane akaenda mara moja peke yake, na wawili hao wakazungumza mlango umefungwa. Kiongozi wa mtaa alipoelezwa alishtuka kwa dhati. Alikwenda kuomba radhi, lakini alikwenda na watu wawili wa kumsindikiza, kwa hiyo waliojua wakaongezeka. Mtoto mkubwa wa mama huyo alihamishiwa shule ya mbali muhula uliofuata. Sidai kwamba ilikuwa kwa sababu hiyo pekee, ila naiweka kwenye hesabu.

Upande mwingine, binti mkubwa aliitwa kwenye kikao cha ukoo kwa mara ya kwanza maishani mwake, na suala la kiwanja likaisha kwa makubaliano ambayo si yangu kuyaeleza. Kaka yake, niliyemdhania angekuwa mgumu, ndiye aliyemwachia kiti.

Daftari la kumbukumbu lilikuwa na mwanzo mbaya. Lilikaa meza moja na la rambirambi, chini ya mweka hazina, na watu kwa mazoea wakaandika jina na kiasi. Kurasa nane za kwanza ni elfu tano, elfu kumi, mchele kilo kumi. Mweka hazina akalifungia kabatini pamoja na fedha. Lilipofunguliwa siku ya kumaliza matanga, katikati ya tarakimu zile zilikutwa kumbukumbu nne tu. Mojawapo ni ya bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, mwanafunzi wake wa kisomo. Aliandika kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa: kwamba barua ya kwanza kuisoma maishani ilikuwa ya mwanawe aliyekuwa jeshini wakati wa vita vya Kagera, na kwamba kabla ya hapo alikuwa akisomewa na jirani ambaye alikuwa akirukaruka mistari.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya yote ni kuuliza kabla ya kuandika. Saa tatu za Ijumaa jioni zilitosha. Kazi ya mshahara huacha karatasi kwa sababu kuna mtu anayelipa na anataka risiti. Kujitolea hakuachi, kwa hiyo mwandishi anayeanzia kwenye sanduku ataandika mshahara hata kama nia yake ni nyingine. Nashauri kamati imteue mwandishi wa wasifu siku ya kwanza, kutoka miongoni mwa waliopo msibani, na apewe watu watatu wa kuwauliza: mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini, na mmoja asiye ndugu wala mfanyakazi mwenzake. Huyu wa tatu ndiye husahaulika, naye ndiye mwenye yale ambayo nyumbani hayajulikani.

Kuhusu "bila kuchoka", nimekuwa nikiisoma katika misiba kwa miaka mingi bila kuisikia. Pamoja na "alikuwa mcheshi" na "alipenda watu wote", ni sentensi zinazofaa jeneza lolote. Madhara yake katika kisa hiki yalikuwa zaidi ya uvivu wa kalamu. Ukisema mtu hakuchoka, umefuta aliyempokea akiwa amechoka. Tulipoandika kwamba alichoka na akatoka tena, sifa yake iliongezeka, na mjane akapata nafasi yake ndani ya sifa hiyo hiyo bila kupewa aya ya shukrani ya kinafiki. Hofu ya baba mdogo haikutimia. Nadhani ni kwa sababu tulitaja vitu badala ya upungufu. Maharage hayamwaibishi mtu. Habari ya sare ingeweza, hasa kwa mtoto aliyeisubiri, ambaye alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Familia inaweza kuniuliza, na wengine wameniuliza, kama mtu aliyekuwa nje wakati watoto wake wanalala miaka yote hiyo anastahili kuitwa mtu wa familia. Swali hilo wasifu haukulijibu. Uliweka mambo mawili ubavuni: watoto waliolala kabla hajarudi, na spana ukutani asubuhi. Naona ulifanya vizuri kuishia hapo.

Kuhusu binti mkubwa, uamuzi ulikuwa sahihi lakini ulifikiwa kwa bahati. Ulimtegemea mjane mwenye ujasiri. Mjane mwingine, aliyefiwa siku mbili zilizopita na anayemtegemea shemeji kwa kila kitu, asingeweza kumwambia yale. Kamati isingoje mjane apigane. Kanuni niliyoichukua ni kwamba aliyemuuguza na kumwosha marehemu hatafutwi kwenye karatasi ya marehemu, na mambo ya mali yaambiwe wazi tangu mwanzo kwamba yana kikao chake.

Sasa kushindwa kwetu kukubwa. Tulichunga maneno ya karatasi moja, tukasahau midomo 11. Kila uamuzi juu ya siri ya wagonjwa ulibaki chumbani kati ya watu watano: mimi, kaka mkubwa, binti, mjane na kiongozi wa kikundi. Mshereheshaji hakuambiwa. Kiongozi wa mtaa hakuambiwa. Aliposikia wasifu unasema "wagonjwa majumbani" na kunyamaza, alidhani ni aibu au usahaulifu, akaona wajibu wake ni kuziba pengo. Ukimya wetu ndio uliomwita. Ingechukua dakika mbili kuwakusanya wasemaji wote kabla ya ibada na kuwaambia: marehemu alikuwa mtunza siri, na sisi leo tunamheshimu kwa kutotaja mgonjwa, nyumba wala ugonjwa. Nimeanza kuwaomba washereheshaji wafanye hivyo katika kila msiba wa muuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mshauri nasaha au mchungaji. Mmoja aliniambia kwamba wasemaji wakubwa hawapendi kuelekezwa. Ni kweli. Basi aelekezwe na mzee wa kanisa, au salamu za ngazi hiyo ziandikwe na zisomwe.

Daftari nalo lilishindwa kwa sababu ya meza tu. Liwekwe mbali na fedha, mikononi mwa kijana anayejua kuuliza, na mwenye mkono mzito aseme, aandikiwe. Binti mkubwa amenunua jipya, anatembea nalo mwenyewe, na sasa lina kurasa nyingi, nyingine zikiwa ni maneno yaliyotumwa kwa simu kutoka Mlimba na Mbeya kisha yakanakiliwa kwa kalamu. Kuna jambo moja humo ambalo halijapatana: mwanafunzi mmoja wa kisomo anasema darasa la stoo lilianza mwaka 1977, mwingine anashikilia ni 1979, baada ya vita. Binti ameandika yote mawili, kila moja na jina la msemaji wake.